Bwawa Juu ya Paa

Tangu semina na mikutano mingi ianze kufanyika hotelini, waumini wametuuliza mara nyingi: je, Mkristo anaweza kulala katika hoteli ya kisasa ya jijini, yenye bwawa la kuogelea juu ya paa, na moyo wake ukatulia? Mzee mmoja wa kanisa hapa Kigoma aliliuliza swali hilo kwa namna yake. Alisema, "Mchungaji, huko mjini maji yanapanda ghorofani yenyewe. Hapa ziwa liko miguuni petu, na ndoo bado inapanda mlima kichwani mwa mama. Mnapoogelea huko juu, huwa mnamkumbuka?"

Yapo majibu mawili mepesi, na yote hatuyapendi. La kwanza linasema kwamba starehe ni dhambi, basi. Lakini Bwana wetu alikwenda harusini Kana, tena divai ilipokwisha hakuwahubiria wageni kuhusu kiasi. Na Mariamu alipompaka miguu kwa marhamu ya thamani kubwa, aliyenung'unika kwa jina la maskini alikuwa Yuda, aliyeshika mfuko. Manung'uniko juu ya fedha za wengine yapimwe vizuri. Jibu la pili linasema kwamba hoteli ni baraka, aliyebarikiwa na aogelee, na asiyebarikiwa na aombe zaidi. Jibu hili siku hizi lina wahubiri wengi, na tunaliona baya kuliko la kwanza.

Torati ina neno juu ya paa ambalo hatujasikia likihubiriwa sana. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta pembezoni mwa dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakukataza dari. Watu wa Israeli walipunga upepo darini, walilala huko, na walipokea wageni huko. Alichotaka ni mwenye nyumba amfikirie anayeweza kuanguka kabla hajaanguka. Kwa hiyo anayepanda kwenye paa la hoteli asianze kwa kuuliza bei ya chumba. Aulize: hapa nani anaweza kuanguka, na ni nani ukuta wake?

Katika hoteli moja ya Dar es Salaam, tulipokuwa kwenye semina, ukuta huo ulikuwa kijana wa Kibirizi. Alitusikia tukizungumza akajua tumetoka kwao. "Shikamoo Mchungaji, ziwa halijambo?" Kazi yake ni bwawa. Alfajiri hutoa majani kwa wavu, hupima dawa ya maji, hufuta sakafu mtu asiteleze. Kisha husimama kutwa akiwaangalia wageni, ambao wengi wao hawajui kuogelea. Yeye alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, akizunguka mitumbwi ya dagaa pale nyumbani. Lakini utaratibu wa kazi haumruhusu kuingia majini, isipokuwa mgeni akizama.

Tulidhani analalamika. Hakuwa akilalamika. Alisema utaratibu huo una maana, kwa kuwa mlinzi anayecheza na walindwa halindi. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likapata maji kwa mgao, yeye alikuwa akitoka kwenye bwawa lililojaa na kurudi kwenye chumba alichopanga ambako bomba halikuwa na kitu. Anasema mikono yake ilikuwa inanuka dawa ya kusafishia maji, na nyumbani hakuwa na maji ya kuinawia.

Sisi wa mwambao huu hatupaswi kushangaa kwamba raha ya mbali ina mzigo wake mahali pengine. Karne ya 19 misafara iliondoka Ujiji kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, na watumwa wakiwa minyororoni. Pembe zile zilivuka bahari zikawa vibonyezo vya piano huko Ulaya na Marekani. Piano hizo zilipigiwa pia nyimbo za kumsifu Mungu, na waliozipiga walikuwa watu wema, wasiojua njia ya Ujiji. Wema peke yake haukuwaonyesha kilichokuwa chini ya vidole vyao.

Na tunakumbuka Kagunga. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifurika katika kijiji hicho cha wavuvi, kipande chembamba cha ardhi kati ya mlima na ziwa. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwabeba kwa makundi hadi Kigoma. Kabla ya wengi kufika, kipindupindu kilikuwa kimeingia, na watu wapatao 30 wakafa. Walikufa kandokando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo limebeba takriban moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. Hawakukosa maji. Walikosa maji safi, na vyoo, na nafasi.

Hapo ndipo bwawa la paani linapotuhukumu, na si kwa sababu ya anasa yake. Linatuondolea kisingizio. Wanadamu wanajua kupandisha maji ghorofa kumi. Wanajua kuyachuja, kuyatia dawa, kuyapima kila asubuhi, na kumweka mtu wa kuyalinda kutwa nzima ili mgeni mmoja asidhurike. Ujuzi upo, pampu zipo. Tukiambiwa kwamba kufikisha maji mlimani kwa mama wa Kigoma ni jambo gumu mno, tumekwisha kuona kwamba gumu si maji. Katekisimo Ndogo ya Luther inaifafanua amri ya Usiue kwa kutudai zaidi ya kutomdhuru jirani: tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Asiye na maji safi yumo ndani ya amri hiyo.

Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu walipenya katikati ya Wafilisti wakamletea. Alipoyaona aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu. Hatusomi kwamba tangu siku hiyo aliacha kunywa maji yaliyoletwa na watumishi. Aliyatambua yale. Basi hatumkatazi mtu kupanda paani. Lakini usharika unaolipia chumba una haki ya kuuliza kama wahudumu wa hapo wanalipwa kwa haki na wanapumzika, na kama fedha za mkutano huo zingetosha kisima. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba mkutano ufanyike shuleni. Wajumbe watanuna kidogo, watazoea.

Yule kijana hakutuomba tumsemee kuhusu bwawa. Alituomba jambo la Jumapili. Zamu yake huanza saa moja asubuhi, na alikuwa hajafika kwenye Meza ya Bwana tangu Pasaka. Wenye semina walikuwa wamepanga ibada saa tatu, katika ukumbi wa chini. Tulikubaliana nao ianze saa kumi na moja na nusu, na mkuu wa zamu akaridhia. Baadhi ya wajumbe walishuka wakipiga miayo. Wahudumu walikuja tisa, wakiwa tayari wamevaa sare zao, wakakaa kiti cha nyuma karibu na mlango.