Mmemwacha Alale

Ole wenu mnaopima kichwa cha mtu kwa kutazama miguu yake! Bodaboda imeanguka karibu na Segera, kijana amezirai, ameinuka, amejipangusa vumbi. Nanyi mwasema: "Si anatembea? Mpeni panadol akalale." Hamjui kwamba mshipa ukichanika chini ya fuvu, damu yaweza kujikusanya polepole, na kwa saa kadhaa majeruhi akaongea, akala, akaaga watu? Kisha hutapika, husinzia, haamshiki tena.

Nawakaripia ninyi wa mapokezi, Handeni na Korogwe. Mnadai PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumuuliza majeruhi jina lake, na kumbe asiyelijua jina lake ndiye wa kukimbiliwa kwanza! Akinuka pombe mnamwita mlevi, mnamsukumia kwenye benchi. Nani aliwaambia pombe humzuia mtu asivuje damu ndani ya fuvu?

Mnasingizia CT, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kwamba iko mbali. Madaktari Teasdale na Jennett wa Glasgow walitoa mwaka 1974 kipimo cha fahamu kisichotaka umeme; leo huhesabiwa hivi: macho alama 4, maneno 5, viungo 6, jumla 15. Wenye 13 hadi 15 ndio mnaowaita wenye jeraha jepesi, na neno hilo limewapumbaza. Mwenye 14 si mzima. Tena alama iliyoandikwa saa mbili usiku haisemi lolote juu ya saa sita. Rudini kitandani! Akishafika 15, mtazameni kila nusu saa kwa saa mbili, kisha kila saa kwa saa nne. Mwamsheni, mulikeni mboni. Aliyezirai akitapika mara mbili, au akiwa bado chini ya 15 saa mbili baada ya kuumia, au akiwa na miaka 65 na kuendelea, huyo ni wa kupelekwa penye CT usiku huohuo.

Nanyi madereva mnaotundika helmeti kwenye usukani mpaka mumwone trafiki, damu hiyo mtaulizwa.

Narudi kwenu wa hospitali: hakuna ruhusa ya majeruhi kwenda nyumbani bila mlinzi. Mwiteni atakayelala naye chumba kimoja, mwelezeni dalili za hatari, kwa Kizigua au Kisambaa ikibidi, naye azirudie mbele yenu moja moja. Asiye na wa kumwamsha usiku, alale wodini, nanyi mkamwamshe.