KIJANA, UNAMCHIMBIA NANI?



Tafadhali usikitupe kipeperushi hiki. Kisome mpaka mwisho.

Labda umefika kwenye mkutano huu kwa sababu umesikia spika na muziki. Labda ulikuwa unapita tu hapa Shelui, unasubiri gari la kupanda mlima Sekenke. Labda umetoka kwenye duara sasa hivi, na vumbi bado liko kwenye kope zako. Na wewe dada unayewauzia madereva chai na maandazi, karibu pia. Ujumbe huu ni wako.

Tunajua mnachosema kijiweni. Mnasema, "Hawa walokole hawana kazi. Kutwa kuomba, kucha kuomba. Kwani Mungu atawashushia ugali?" Hasa mkiona vijana waliookoka wanaishi pamoja, wanafunga, wanakesha, wanatoka kwenda kuhubiri kijiji hadi kijiji, mnasema wameyakimbia maisha.

Rafiki, hilo ni swali la haki, na hatulikwepi. Lakini kabla hatujajibu, na sisi tunakuuliza moja: wewe unayefanya kazi, unamfanyia nani?

DHAHABU YA SEKENKE ILIKWENDA WAPI?

Utazame ule mlima. Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jasho lililomwagika mle mashimoni lilikuwa la wazee wetu. Vita vilipokaza, serikali ya Kijerumani iliishiwa na sarafu. Basi mwaka 1916 ikaichukua dhahabu ya Sekenke, ikatengeneza huko Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu nzuri kweli kweli!

Lakini mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaiteka Tabora. Waliotengeneza sarafu wakakimbia. Kufikia mwisho wa mwaka 1918 utawala wao katika nchi hii ulikuwa umekwisha kabisa. Leo sarafu zile wanazo wakusanyaji wa vitu vya kale huko ng'ambo. Na yule mzee aliyeingia shimoni kuitoa dhahabu yenyewe? Hata jina lake hatulijui.

Alimchimbia nani?

Sasa jiangalie wewe. Unateremka duarani kwa kamba, tochi kichwani. Mawe yanapanda juu, yanakwenda kwenye karasha, yanakwenda mwaloni, unakamatisha kwa zebaki, unachoma. (Kijana, ule moshi wa zebaki ni sumu! Unaharibu mishipa ya fahamu na figo.) Mgao ukitoka, mwenye duara ana chake, mwenye karasha ana chake, aliyekukopesha chakula ana chake. Kinachobaki kinaingia baa Jumamosi, na Jumatatu unakopa nauli. Ukipata mshiko mkubwa, marafiki ni wengi. Ukiisha, unabaki peke yako.

Hatusemi kuchimba ni dhambi. Kazi ya halali ni heshima, iwe ya sururu, iwe ya jembe, iwe ya kuuza vitunguu barabarani. Yesu alisimulia habari za tajiri aliyevuna mpaka akapanga kujenga maghala makubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa (Lk. 12:16-21). Angalia vizuri: Mungu hakumlaumu kwa sababu alilima. Alimwuliza vitu vile alivyojiwekea vitakuwa vya nani. Na yule bwana hakuwa na jibu.

Wewe unalo?

WATU WALIOOMBA ZAIDI YA MIAKA 100

Sasa sikia habari za kundi lingine. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao, waliingia Ujerumani. Bwana mmoja mwenye ardhi, kijana tu, jina lake Zinzendorf, akawapa mahali pa kukaa. Seremala mmoja, Christian David, akaangusha mti wa kwanza, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut.

Usidhani walikuwa malaika! Walikaa miaka mitano wakigombana juu ya mafundisho na mambo mengine mpaka kijiji kikataka kuvunjika. Lakini tarehe 13 Agosti 1727, walipokusanyika kwenye Meza ya Bwana, Roho Mtakatifu aliwagusa. Waliokuwa hawasalimiani walilia na kusameheana. Wiki mbili baadaye wanaume 24 na wanawake 24 wakaweka agano la kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, usiku na mchana. Zamu ile iliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa utauliza: nani alikuwa analima? Piga hesabu mwenyewe. Siku ina saa 24. Aliyeshika saa moja ya zamu alibakiwa na saa 23. Hawa walikuwa mafundi seremala, wafumaji, wafinyanzi na wakulima. Aliyetoka kwenye zamu ya usiku, asubuhi alishika randa yake kama kawaida.

Na maombi yao hayakuishia kwenye paa. Mwaka 1732 wawili wao walitoka kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibiani, kuwahubiria watumwa waliotolewa kwetu Afrika. Mmoja ni Leonard Dober, mfinyanzi wa miaka 26. Mwingine ni David Nitschmann, seremala. Hawakuahidiwa mshahara. Walipofika, mfinyanzi akakuta udongo wa kule haufai kwa kazi yake! Ikabidi seremala achonge mbao ili wale wote wawili. Hiyo ndiyo misheni: huyu anahubiri kwa sababu yule anapiga randa, na wote wawili wanakula sahani moja.

Moto ule ulifika mpaka kwetu. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 wakapokea kazi ya Urambo, huko Unyamwezi. Baadaye Wapentekoste kutoka Sweden nao wakaja na Biblia na dawa. Ukienda Nkinga, wilaya ya Igunga, jirani zetu hapa, utaikuta hospitali iliyotokana na kazi yao, sasa iko chini ya kanisa la FPCT. Mgonjwa akifika haulizwi kwanza kama ameokoka. Watu waliopiga magoti walisimama wakajenga wodi.

MAOMBI YA MVIVU

Basi tukujibu sasa. Je, kuomba ni kukimbia kazi?

Kwa mtu mwingine, ndiyo. Yuko anayeomba ili asishike jembe. Anafunga kwa sababu hakupika, anakesha usiku ili alale mchana. Huyo Biblia haiko upande wake. Mtume Paulo alishona mahema (Mdo. 18:3), na aliwaambia Wathesalonike wazi kwamba asiyetaka kufanya kazi asidai chakula (2 Thes. 3:10). Yesu mwenyewe alijulikana kijijini kwao kama seremala (Mk. 6:3). Miaka mingi ya maisha yake duniani alikuwa mtu wa kijiji tu, kabla hajahubiri popote!

Lakini kuna kosa la pili, nalo ndilo lako. Mtu anayefanya kazi bila kuomba, taratibu kazi yenyewe inakuwa mungu wake. Anaipa usiku wake, afya yake, mke wake na watoto wake. Nayo haijawahi kumwambia asante.

Ukisimama saa moja usiku ukamwombea mtu usiyemjua, ambaye hatakulipa, kuna kitu kinavunjika ndani yako. Kwa saa ile wewe si katikati ya dunia. Asubuhi ukienda shambani, mkono unashika jembe lilelile, lakini moyo umebadilisha bwana. Gunia lako la dengu sasa lina mafungu: la nyumbani, la mama yako mzee, la mjane wa jirani, la yule ndugu aliyetumwa kuhubiri. Kazi haijapungua hata kidogo. Ila sasa unajua unamfanyia nani.

KUISHI PAMOJA SI MCHEZO

Tusikudanganye. Kuishi na ndugu wa maombi ni kuzuri, lakini si mteremko. Kuna zamu ya kuchota maji, na yuko anayeikwepa. Kuna sufuria isiyooshwa. Kuna ndugu anayekoroma, na dada mwenye ulimi. Ukikaa peke yako unaweza kujiona mtu mwema kabisa, maana hakuna wa kukugusa. Kaa na wenzako wiki tatu, utaijua hasira yako, uchoyo wako na wivu wako.

Ndiyo maana tunakaa pamoja! Ndugu ni kioo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na hapa kwetu ulijulikana kwa jambo hili: watu walitubu mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba. Si kupiga kelele tu. Aliyeiba ng'ombe alirudisha ng'ombe. Jirani asiyesali akishuhudia hivyo, hahitaji kuhubiriwa sana.

"LAKINI WALOKOLE NI WANAFIKI!"

Wako. Hatubishi. Nasi tunakuambia jambo ambalo wengi hawalisemi. Ile misheni ya St. Thomas, iliyoanza kwa upendo mkubwa namna ile, miaka michache baadaye ilinunua shamba pamoja na watumwa wake. Watu waliokwenda kuwahubiria watumwa wakawa mabwana wa watumwa! Zamu ya maombi Herrnhut haikukoma, na bado walikosea. Kwa hiyo usije ukaokolewa na kundi. Kundi haliokoi. Anayeokoa ni Yesu peke yake.

Na swali letu uliulize kanisani pia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Wale nao waliitwa watu wa maombi! Basi ukialikwa kukaa na kundi lolote, angalia haya. Je, kiongozi naye anashika jembe, au vijana wanamlimia yeye? Je, hesabu ya fedha inasomwa mbele ya wote? Je, mlango uko wazi: unaweza kwenda kumsalimu mama yako, kwenda hospitali, kuondoka ukitaka? Kama jibu ni hapana, toka. Hapo unamchimbia mtu, tena kwa jina la Mungu.

Yesu hakufanya hivyo. Alichukua kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu (Yn. 13). Yeye ndiye Bwana pekee aliyeingia shimoni mwenyewe. Aliteremka mpaka kaburini ili akutoe wewe, na siku ya tatu akatoka akiwa hai. Hakutaka mgao wako. Alikutaka wewe.

LEO UFANYE NINI?

Kijana, duara linaweza kubomoka. Lori linaweza kukata breki mlimani. Hatusemi hivi kukutisha, umeshawazika wenzako, unajua. Usiahirishe. Kama moyo wako umeguswa, pale ulipo omba hivi, kwa kumaanisha:

"Bwana Yesu, nimeishi kwa ajili yangu mwenyewe, na nimechoka. Nimefanya dhambi, nisamehe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa mikono yangu na wa siku zangu. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Ukiomba hivyo, njoo mbele umwambie mtumishi wa Mungu. Kisha, kesho asubuhi, usikae kitandani ukisubiri ndoto. Nenda kazini. Uliyemdhulumu mgao wake, mrudishie. Aliyekukopesha, mlipe hata kidogo kidogo. Mama uliyemkimbia, mtafute, hata kwa simu. Tafuta kanisa linalofundisha Biblia, uwe na ndugu wa kukuombea na wa kukukemea. Na kila siku, kabla hujashika sururu, mpe Mungu saa yako moja.

Utabakiwa na saa 23. Utashangaa jinsi zinavyotosha.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.