Kwa Mwoga Huenda Kicheko, kwa Shujaa Huenda Kilio

Methali hii husomwa vibaya kwa sababu wanaopenda kuitamka ni wale wanaotaka mtu abaki nyumbani. Kijana akitaka kuingia ugomvi wa kilabuni, au kumfuata mwizi wa ng'ombe usiku akiwa peke yake, ataambiwa kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mazungumzo yataishia hapo, kana kwamba wahenga walikaa kikao wakauhalalisha woga. Sidhani kwamba walifanya hivyo. Methali haimsifu mwoga wala haimkejeli shujaa. Wote wawili imewapita, ikaenda kusimama mlangoni pa nyumba zao kuangalia kinachoingia baada ya vita kwisha. Mpiganaji mwenyewe akifa halii. Wanaolia ni mama, mke na watoto, ambao hakuna aliyewauliza walipoitwa watu kwenda vitani. Kwa hiyo ninaichukua methali hii kuwa ni neno la jamaa kwa mpiganaji, kumkumbusha kwamba uhai anaouweka rehani si wake peke yake. Tukiielewa hivyo, tutaona pia kwa nini babu aliyepigana vita, akarudi, akalea wajukuu, hawezi kukumbukwa kwa nusu: vita vyake na malezi yake ni jambo moja.

Mzani mzuri wa kuipimia methali hii ni Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, kwa sababu wanaume waliopigana huko ndio babu wa leo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Tuchukue mahali kama Bukundi, kata ya Wilaya ya Meatu ambayo zamani hizo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na leo iko Mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, mbali kabisa na Mutukula kule mpakani. Kati yake na mpaka wa Uganda limelala Ziwa Victoria zima. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kwenye mto Kagera likavunjwa, hakuna nyumba ya Meatu iliyosikia mshindo. Mkulima wa huko angeweza kusema kwamba vita hivyo ni vya Wahaya na serikali yao. Lakini Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa siku hizohizo, jeshi lilipanuliwa kwa kuita wanamgambo, askari polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa kutoka pande zote za nchi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Kwa mtu wa Usukuma kama mkulima huyo wa Meatu, kipindi hicho, yaani tangu Novemba mpaka Juni, si miezi tu ya kalenda. Ni msimu mzima wa pamba: kulima, kupanda, kupalilia mara mbili au tatu, hadi kuanza kuvuna. Aliyekwenda vitani aliwaachia wengine jembe lake kwa msimu mzima.

Hapo mpinzani atasema kwamba Kagera inaivunja methali badala ya kuieleza. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wanajeshi wa Tanzania waliofariki katika vita hivyo walikuwa 373, na wengi wao hawakuuawa na adui bali walikufa kwa ajali na sababu nyingine. Raia wa Kagera waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,500. Kilio basi kilikwenda wapi? Kilikwenda zaidi kwa watu ambao hawakuwa mashujaa wala waoga, bali wakulima wa migomba waliokutwa majumbani mwao. Hoja hii ni nzito, na mtu anayeishika methali kama kanuni ya kuishi salama hana jibu. Jibu lipo kwa anayeuliza methali inazungumzia vita vya namna gani. Kicheko cha mwoga kinawezekana pale tu penye pa kukimbilia, pale ambapo vita ni vya kuchagua: ugomvi wa mipaka ya shamba, kisasi, ubabe wa vijana. Vita vikishavuka mto vikaingia uani, woga haununui kicheko tena, maana vilio vimekwisha kugawanywa bila kuangalia sifa ya mtu. Kwa hiyo methali inampa mpiganaji swali la kujiuliza kabla ya kuinuka: je, nikikaa, nyumba yangu itacheka kweli? Kama jibu ni ndiyo, akae. Kama nyumba italia kwa vyovyote, kukaa hakuna faida iliyoahidiwa. Wanaume waliotoka mikoa ya mbali mwaka 1978 walikwenda kubeba sehemu ya kilio kilichokuwa tayari kimefika kwa jirani, na nadhani huo ndio ushujaa pekee ambao wahenga wasingeuonya.

Sehemu ngumu zaidi huanza shujaa anaporudi mzima, jambo ambalo methali yenyewe hailigusi. Imegawa nyumba mbili tu, yenye kicheko na yenye kilio, ikamsahau yule anayebisha hodi jioni na begi la jeshi begani. Nyumba yake ni ipi? Nchi aliyoikuta haikuwa ya kuchekea. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na kila aliyeishi miaka hiyo anajua mkanda ule haukulegea kwa tarehe iliyotajwa. Sabuni, sukari na nguo zilipangiwa foleni mpaka katikati ya miaka ya themanini. Usukumani kulikuwa na balaa lingine. Wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia silaha ulizidi, na baadhi ya silaha hizo zilitokana na vita vilevile. Wanavijiji wa Shinyanga na Tabora wakaanzisha Sungusungu, ulinzi wao wenyewe, mwanzoni mwa miaka hiyo, kwa upinde na mishale na yowe la mwano linalopokezana kijiji kwa kijiji, hadi sheria ikawatambua mwaka 1989. Kwa mtu aliyezoea bunduki, hiki kilikuwa kishawishi kikubwa cha kuendelea kuwa shujaa maisha yake yote. Ndipo ninapoona kazi ya kweli ya methali. Aliyeielewa alijua kwamba amekwisha kopa uhai wa nyumba yake mara moja, akarudishiwa, na kwamba kukopa tena bila sababu ni dhuluma. Askari mstaafu anayesikia mwano na kutoka pamoja na wenzake, lakini anakataa kuongoza kisasi, anayejua kupiga ila haonyeshi, hajapungukiwa na ujasiri. Anailipa nyumba yake kile ilichomkopesha.

Kuna atakayesema kwamba ninampamba. Wako waliorudi wakali, walevi, waliopiga wake zao. Vita havimtengenezi mtu, na anayedai kwamba kila askari mstaafu ni babu mwema anaandika ngonjera. Nakubali. Hoja yangu haisemi kwamba vita huzaa wema, bali kwamba wema wa aliyetoka vitani una gharama ambayo wema wa wengine hauna, na kwa hiyo una thamani yake. Mwingine atasema kwamba upendo wa babu kwa wajukuu ni desturi tu. Kweli, guku, kama Wasukuma wanavyomwita, ana utani na wajukuu ambao baba hana; humwita mjukuu wa kike mchumba wake, humtania wa kiume kwamba amekuja kumnyang'anya mke, na jina lake huenda likarudi kwa mtoto wa mwanawe. Lakini desturi ni kiti tu, na kiti kinaweza kukaa wazi. Babu anayemfundisha mjukuu kuswaga ndama, anayelala macho mtoto akiwa na homa, anayeuza ng'ombe ili ada ya shule ipatikane, amekikalia kiti hicho kwa hiari. Na kile kimya cha wengi wao kuhusu vita, ambacho vijana hukidhani ni kusahau, mimi nakisoma kama sehemu ya malezi: ni kukizuia kilio mlangoni, kisiingie ndani walipo watoto.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema kwamba kuwakumbuka mashujaa ni kazi ya taifa, na taifa linaifanya. Kila tarehe 25 Julai huwekwa mkuki na ngao, sime na mashada ya maua kwenye minara, na huko Kaboya, Muleba, kuna makaburi ya waliokufa katika Vita vya Kagera. Sidharau heshima hiyo. Lakini tazama Mnara wa Askari jijini Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Kwenye mnara huo hakuna hata jina moja la mpagazi, ingawa walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Dola iliyotoa ahadi ndiyo iliyoukabidhi mzigo wa kuitimiza kwa watoto, ikaondoka. Miaka 20 hivi baada ya mnara kuzinduliwa, askari Waafrika waliopigania dola hiyohiyo, baadhi yao katika misitu ya Burma, walipewa kiinua mgongo kidogo kuliko wazungu wa cheo kilekile. Taifa huru halina dhambi hiyo, ila mnara wowote, hata wenye nia njema, hukumbuka mashujaa kwa jumla. Hauwezi kujua kwamba huyu mmoja alikuwa na mkewe, mama mkwe, na ekari tatu za pamba.

Mwenye uwezo huo ni nyumba, na nyumba zetu zinautumia vibaya. Sikiliza wasifu wa marehemu unaosomwa misibani: alizaliwa, alisoma mpaka darasa fulani, alishiriki Vita vya Kagera, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Vita vimepata sentensi moja, malezi yamepata idadi. Kama methali inasema kweli kwamba kilio cha shujaa ni mali ya nyumba yake, basi nyumba ndiyo shahidi, na shahidi aulizwe angali hai. Bibi wengi waliobaki Meatu mwaka ule bado wapo. Wanajua ni nani aliyepalilia shamba msimu ule, ng'ombe waliuzwa wangapi, barua ilikuja au haikuja, na mume aliporudi alikaa muda gani kabla ya kucheka tena. Msomaji wa wasifu akipewa dakika tano, mbili za hizo zingetosha kwa mambo haya, na orodha ya vyeo ingeweza kusubiri.