Mwigo na Uaminifu

Kuiga ni jambo lisilo na heshima kubwa mbele ya watu. Husemwa kuwa mwigaji hana chake, na asiye na chake hana la kusifiwa. Lakini, msomaji, upo mwigo wa namna nyingine, ambao pasipo huo kazi nyingi njema zingalizikwa pamoja na vyombo vyake. Na tuupime mwigo huo, tujue haki yake na wajibu wake.

Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa Commodore 64. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti, jina lake SID, iliyobuniwa na Bob Yannes. Chipu hiyo iliweza kutoa sauti 3 tu kwa pamoja, na kumbukumbu ya kompyuta nzima ilikuwa kilobaiti 64. Hata hivyo watu waliiandikia programu za muziki, wakatunga kwazo nyimbo zinazopendwa hata leo. Kompyuta hizo sasa ni chache, na chipu zake zinakufa kwa uzee. Yamkini mwanafunzi wa Magongo hajapata kuiona hata moja. Lakini akiwa na kompyuta ya kawaida ya siku hizi, aweza kutia ndani yake programu ya kuiga, kama ile iitwayo VICE, nayo ikajifanya Commodore tangu utosi hata unyayo. Programu ya kale huamka humo ikapiga muziki wake, isijue kwamba imehamishwa nyumba.

Basi swali ni hili: mwigaji akiona ila katika asili, aiondoe au aiache? Chipu za SID za kwanza, za namba 6581, zilikuwa na kasoro. Kila kiasi cha sauti kilipobadilishwa kwa ghafula, zilitoa mlio kama wa kitu kilichogongwa. Watunzi hawakulalamika. Waliirudia kasoro ile upesi upesi, mara maelfu kwa sekunde, hata ikawatolea mapigo ya ngoma na maneno ya binadamu. Baadaye ilitoka chipu ya namba 8580, ambayo kasoro hiyo ilipunguzwa. Na ngoma za nyimbo za kwanza zikafifia ndani yake. Aliyeondoa kosa aliondoa na uzuri. Kwa sababu hiyo waigaji waaminifu huiga chipu zote mbili, kila moja pamoja na ila zake.

Hekima hii si ngeni Mombasa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mvita hata karne ya 19, yalinakiliwa baada ya kufa kwake na Mwalimu Sikujua kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1940 yakatoka katika kitabu kwa hati za Kirumi. Hati ilibadilika, kama nyumba ya programu ilivyobadilika. Fikiri sasa kama mwenye kunakili angalikuta neno mato, akakumbuka kuwa Waunguja husema macho, akalisahihisha. Maana ingalibaki, lakini kina kingalivunjika, na sauti ya Mvita ingalinyamazishwa na mtu aliyedhani anaisaidia.

Mtu atauliza, je, ni haramu kutengeneza vya kale? Si haramu. Anayetaka kutengeneza na atengeneze, ila kazi hiyo aiite kwa jina lake mwenyewe, asiiuze kwa jina la marehemu asiyeweza kujibu.

Nawe msomaji, siku moja utakabidhiwa amana ya namna hii. Pengine itakuwa kaseti ya taarabu ya harusi ya bibi yako, nawe utatakiwa kuihamishia katika simu. Utasikia mvumo wa mashine, kikohozi cha mgeni na mtoto anayelia. Ihifadhi kwanza kama ilivyo. Kisha, ukipenda, safisha nakala ya pili. Kwa maana wewe hujui bado ni lipi katika hayo atakalolitafuta mjukuu wako, na likiisha kufutwa halina wa kulirudisha.