Uhalali wa Taji Lililotwaliwa kwa Upanga

Tamthilia ya televisheni ya Korea iitwayo Yongui Nunmul, yaani Machozi ya Joka, iliyoanza kuonyeshwa na shirika la KBS mwaka 1996 na kukamilika mwaka 1998 baada ya sehemu 159, inasimulia jinsi Yi Bang-won, mwana wa tano wa mwasisi wa ufalme wa Joseon, alivyowaua ndugu zake wa baba mmoja, akamkosesha baba yake kiti cha enzi na raha ya uzee pamoja, akawaangamiza shemeji zake waliomsaidia kupanda, na hatimaye akamkabidhi taji mwanawe wa tatu, ambaye ndiye Sejong, mfalme ambaye Wakorea humtukuza kuliko wote waliomtangulia na waliomfuata. Katika mpangilio huo, damu mwanzo na nuru mwisho, limo swali ambalo halikuzaliwa Korea wala halitakufa huko, nalo ni hili: je, mamlaka yaliyotwaliwa kwa dhulma yaweza kuwa halali kwa sababu ya wema uliokuja baadaye? Mtazamaji aghalabu hujibu ndiyo kabla hajatambua kwamba ameulizwa, kwani amwonapo kijana Chungnyeong, kama alivyoitwa Sejong kabla ya kutawazwa, ameinamia kitabu huku wakubwa wakiteketezana, moyo wake humsamehe baba kwa ajili ya mwana. Mimi naamini kwamba msamaha huo hauna msingi, na kwamba tarehe ya Joseon yenyewe, ikisomwa bila ya kukatizwa pale inapopendeza, inaukanusha.

Yi Seong-gye alikuwa jemadari wa ufalme wa Goryeo kabla ya kuuangusha na kutawazwa mwenyewe mwaka 1392. Alikuwa na wana wanane: sita kwa mkewe wa kwanza, Bibi Han, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya mumewe kuwa mfalme, na wawili kwa Bibi Kang, ambaye ndiye aliyeuonja umalkia. Katika wale sita hapana aliyeitumikia enzi hiyo mpya kuliko Bang-won, ambaye alifaulu mtihani wa utumishi wa serikali akiwa kijana, na ambaye ndiye aliyewatuma watu kumwua Jeong Mong-ju, waziri aliyekataa kuisaliti dola ya Goryeo iliyomlea. Lakini mfalme alipomtaja mrithi wake alimtaja Bang-seok, kitinda mimba wa Bibi Kang, mtoto asiye na umri wala jitihada. Hapo hoja tatu zilikutana, na kila moja ilikuwa na sehemu yake ya haki: wakubwa walikuwa na hoja ya kuzaliwa kwanza, Bang-won alikuwa na hoja ya kazi, na yule mdogo, ambaye hakudai kitu, alitetewa na neno la baba, aliyekuwa ndiye mwenye amri ya kusema.

Palikuwa na mtu mmoja katika baraza aliyeona kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Jeong Do-jeon, mwanachuoni aliyelipa jina la Gyeongbokgung jumba la mfalme katika mji uliokuja kuwa Seoul, na aliyeitungia dola changa kitabu cha sheria mwaka 1394, alishikilia kwamba wafalme hupatikana kwa kuzaliwa, na kuzaliwa hakuchagui, hata leo huja mwerevu na kesho huja mpumbavu. Kwa hiyo nchi isiutegemee moyo wa mfalme, bali uongozi wa shughuli zake uwe mikononi mwa waziri mkuu aliyeteuliwa kwa hekima yake. Fikira hii yaniajabisha kwa upana wake. Wengine wote walimtafuta mwana bora wa kukalia kiti; yeye alitaka kiti kiwe cha namna ambayo ubora au udhaifu wa mkaaji wake hautaiokoa wala kuiangamiza nchi. Ni kweli kwamba mrithi mtoto ni mwepesi kuongozwa na mawaziri, na kwamba Jeong Do-jeon, aliyekuwa upande wa Bang-seok, alikuwa na faida yake katika hoja yake mwenyewe. Lakini faida ya msemaji haiigeuzi kweli kuwa uongo, na jambo alilolisema halijajibiwa kwa upanga uliomwua.

Upanga huo ulikuja mwaka 1398, mfalme akiwa kitandani mgonjwa. Katika usiku mmoja watu wa Bang-won walimwua Jeong Do-jeon, na hao vijana wawili wa Bibi Kang, Bang-seok na Bang-beon, nao wakauawa. Baba alijiuzulu kwa uchungu, mwana wa pili akawekwa kitini kwa miaka miwili kama pazia, ndugu mwingine, Bang-gan, akainua silaha mwaka 1400 na kushindwa, na mwaka huo huo Bang-won akawa mfalme, yule ambaye vitabu humwita Taejong. Sababu mojawapo ya hasira yake na ya wakuu wenzake ilikuwa azma ya Jeong Do-jeon ya kuwanyang'anya wakuu majeshi yao ya binafsi. Naye Bang-won, alipokwisha kuyatumia majeshi hayo, aliyapiga marufuku katika mwaka ule ule wa kutawazwa kwake. Jambo lililokuwa kosa la kustahili kifo mkononi mwa mwingine lilikuwa hekima ya utawala mkononi mwake.

Alijua kwamba hoja ya kazi peke yake haitamtosha, kwa maana kila mwenye kazi angeweza kuidai kesho, basi akarudi nyuma kutengeneza nasaba. Bibi Kang, ambaye alikufa mwaka 1396 akiwa malkia, alishushwa hadhi akahesabiwa kuwa suria, ili wanawe waliouawa wasiwe wana wa malkia; kaburi lake likahamishwa nje ya kuta za mji mwaka 1409, na mwaka uliofuata mawe yake yakajengewa daraja katika kijito cha Cheonggyecheon, ambako yapo hata leo, mengine michoro yake ikiwa imepinduliwa juu chini. Heshima ya umalkia hakurudishiwa mpaka mwaka 1669. Natua hapa kwa sababu hapa ndipo dhulma inapoonyesha haja yake ya ndani kabisa: mwenye kunyakua haridhiki na kiti, hutaka pia wakati uliopita, na huwasumbua hata maiti ili ushindi wake uonekane kuwa ulikuwa haki yake tangu zamani.

Sasa tuitazame hoja ya matunda. Yasemwa kwamba lau Bang-won asingalifanya aliyoyafanya, Sejong asingalikuwa mfalme, na lau Sejong asingalikuwa mfalme, Wakorea wasingaliipata ile alfabeti aliyoibuni mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446 ili raia wasiojua maandishi ya Kichina waweze kuandika maneno ya vinywa vyao. Msingi wa hoja hii huenda ni wa kweli. Lakini Sejong alizaliwa mwaka 1397. Usiku ule wa mauaji alikuwa mtoto mchanga aliyepita mwaka mmoja kidogo, tena mwana wa tatu, mbali na kila urithi. Bang-won hakumwua ndugu yake kwa ajili ya alfabeti. Mtazamaji ndiye ajuaye mwisho wa hadithi, naye humkopesha mtendaji ujuzi huo, kisha humsifu kwa kuona mbali, ilhali mtendaji aliona kiti tu. Tena diya ya damu hulipwa kwa warithi wa aliyeuawa. Wema wa Sejong, kwa ukubwa wake wote, ulilipwa kwa watu wengine, na hapana mwenye idhini ya kusema kwa niaba ya Bang-seok kwamba deni lake limekwisha.

Tena mti uliozaa tunda hilo haukuzaa hilo peke yake. Sejong alifariki mwaka 1450, mwanawe Munjong akafuata baada ya miaka miwili, na kiti kikamwangukia mjukuu, Danjong, akiwa bado mtoto. Mwaka 1453 mwana wa pili wa Sejong, Suyang, aliyekuwa na kazi, nguvu na akili kama babu yake, alimwua waziri Kim Jong-seo, akashika hatamu za nchi, akakipata kiti mwaka 1455, na mwaka 1457 yule mtoto akafa uhamishoni Yeongwol. Miongoni mwa waliouawa mwaka 1456 kwa kutaka kumrudisha Danjong alikuwamo Seong Sam-mun, mmoja wa wanachuoni waliofanya kazi pamoja na Sejong katika ile alfabeti. Suyang hakuhitaji kubuni hoja. Babu yake alikuwa amekwisha kumwachia. Atakayemhesabia Taejong wema wa Sejong, na amhesabie pia damu ya Danjong na ya mwanachuoni huyo, kwani zote zimetoka katika shina moja, na si uadilifu kuchuma lililo tamu na kulikana lililo chungu.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote, nami naistaajabia kwamba watazamaji huipita, imo katika mwaka 1418. Mwaka huo Taejong alimwondoa mwanawe mkubwa, Yangnyeong, katika urithi kwa ajili ya mwenendo wake, akampita na wa pili, akamteua wa tatu, na baada ya miezi miwili akamwachia kiti angali hai. Uteuzi wa Sejong ulisimama juu ya nini? Haukusimama juu ya kuzaliwa kwanza, wala juu ya jitihada, kwani kijana huyo hakuwa ameshinda vita yoyote. Ulisimama juu ya neno la baba aliyekuwa mfalme, alilolitoa hadharani mbele ya mawaziri wake. Na hilo ndilo lililomsimamisha Bang-seok mwaka 1392, ndilo neno ambalo Bang-won alilikata kwa chuma. Basi ikiwa Sejong alikuwa mfalme wa halali, Bang-seok alikuwa mrithi wa halali. Na ikiwa Bang-seok alikuwa batili, hapana mantiki itakayomhalalisha Sejong. Anayetaka kumtetea Taejong kwa Sejong analazimika kushika kanuni ile ile inayomhukumu Taejong. Yangnyeong, aliyeenguliwa, aliishi mpaka mwaka 1462. Bang-seok hakuachwa hai.

Yoo Dong-geun, aliyemwigiza Bang-won, ameionyesha vizuri hofu ya mtu anayejua haya yote na asiyeweza kuyatamka. Shemeji zake wawili wa ukoo wa Min, ndugu za mke aliyemwandalia silaha, walilazimishwa kufa mwaka 1410, na wengine wawili mwaka 1416. Sim On, baba mkwe wa Sejong, aliuawa katika mwaka ule ule wa kutawazwa kwa Sejong. Yasemekana kwamba Taejong alikuwa anamsafishia mwanawe njia. Naona kwamba alikuwa akimwogopa mtu mwingine wa namna yake, na mtu huyo alimwona katika kila uso.

Tamthilia hii ilikuja wakati nchi yake ikisikia kesi ya swali hilo hilo. Mwaka 1995 waendesha mashtaka wa Korea Kusini walikataa kuwashtaki majenerali waliotwaa madaraka kwa nguvu tangu Desemba 1979, kwa rai kwamba mapinduzi yaliyofaulu hayawezi kuadhibiwa. Umma haukuridhika, sheria maalumu ikatungwa, na Aprili 1997, watu wakimtazama Bang-won nyumbani kwao, Mahakama Kuu ya nchi iliithibitisha adhabu ya kifungo cha maisha kwa mmojawapo wa majenerali hao, Chun Doo-hwan, na miaka 17 kwa mwenzake, Roh Tae-woo. Wote wawili walisamehewa Desemba mwaka huo. Lakini msamaha hutolewa kwa mwenye hatia, na hukumu kwamba kufaulu si haki ilibaki mahali pake.

Joseon nayo ilikuwa na baraza lake la hukumu, dogo kwa sura lakini lisilotishika: waandishi wa tarehe, waliokaa karibu na mfalme wakinukuu maneno na matendo yake katika kumbukumbu ambazo mfalme hakuruhusiwa kuzisoma. Mwaka 1404 Taejong alianguka kutoka juu ya farasi akiwinda, akageuka huku na huku na kuagiza kwamba mwandishi asijue. Mwandishi aliandika kuanguka, akaandika na agizo. Watu hao waliandika bila ya kuujua mwisho, na kwa hiyo walimwona mtu kama alivyokuwa siku ile. Kumbukumbu za Taejong zilipokamilika mwaka 1431, Sejong alitaka kuona yaliyoandikwa juu ya baba yake. Mawaziri wakamjibu kwamba akisoma yeye, wajao watasoma na kubadili, na waandishi wataingiwa na hofu. Akaacha. Mwaka 1438 aliomba tena, akakataliwa tena, naye, aliyekuwa na askari wa kutosha kuvunja kufuli ya hazina yoyote katika nchi, akaacha tena. Kwa kadiri nionavyo, uhalali wa Sejong umo zaidi katika kukubali kukataliwa huko kuliko katika jambo lolote alilorithi kutoka kwa baba yake, kwa kuwa hapo mfalme aliitii kanuni iliyomzuia ingawa hapakuwa na wa kumlazimisha, na hilo ndilo jambo ambalo Bang-won, mbele ya neno la baba yake, hakuweza kulifanya.