Kinanda Kimechelewa, Sifa Zisichelewe

Parokia ikiagiza kinanda kwa fedha iliyochangwa na wakubwa kwa wadogo, kisha miezi ikapita bila chombo kufika, manung'uniko huzaliwa. Mtunza hazina hushukiwa, na wanakwaya wengine huacha mazoezi. Hapo hasara hupita bei ya kinanda.

Tufahamu kwamba si kila kuchelewa ni hila. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliunguza kiwanda huko Nobeoka, Japani, kilichotengeneza vipuli vidogo vya kielektroniki vya sauti. Watengenezaji wa vyombo vya muziki wa nchi mbalimbali wakavikosa. Kuuliza stakabadhi na habari za mzigo ni haki. Kumsingizia ndugu ni dhambi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikisifu sana kinanda cha mabomba. Lakini ulihimiza pia waamini wote waimbe. Na mkesha wa Noeli wa mwaka 1818, huko Oberndorf, Austria, Padre Joseph Mohr na mwalimu Franz Xaver Gruber waliuimba "Stille Nacht" kwa mara ya kwanza kwa gitaa tu. Leo wimbo huo waimbwa duniani pote.

Mtakatifu Yakobo atuonyesha mkulima angojaye mvua. Mkulima huyo hakai bure, hutayarisha shamba. Basi ninyi nanyi jifunzeni nota, linganisheni sauti, pataneni. Kinanda kitakapofika, kiikute kwaya yenye moyo mmoja.