Ncha za Vidole

Shangazi yangu alichomwa na mwiba wa pezi Ijumaa mchana, akipara chewa kwenye beseni uani kwake, Tanga. Alinyonya kidole, akatema, akaendelea na samaki wake. Kwa mtu aliyepara samaki tangu usichana, mwiba si habari. Jioni tulikula mchuzi wa chewa yule yule, na hakuna aliyekitazama kidole gumba chake.

Jumapili kilikuwa kimevimba mpaka ukucha ukaonekana umezama kwenye nyama. Akakifunga manjano na chumvi ya moto. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na hata hilo halikutushtua. Jumatatu mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na usiku akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. "Mwanangu, niongeze kanga," aliniambia, na nilikuwa nimekwisha kumfunika tatu. Tukasema ni malaria. Hatukumpima. Nilikwenda mwenyewe duka la dawa nikarudi na vidonge vya kutuliza homa, pamoja na vidonge sita vya antibayotiki, kwa kuwa hela niliyokuwa nayo mfukoni ilitosha sita. Kosa hilo ni langu, na ndilo linaloniandikisha haya.

Jumanne asubuhi aliniita kwa jina la baba yangu, ambaye tulimzika zamani. Alikuwa akihema mbiombio kama mtu aliyepandisha mlima, naye alikuwa amelala. Binti yake akasema tangu jana jioni mama hajaenda haja ndogo. Akili kuchanganyikiwa, pumzi kwenda kasi, mkojo kukauka: mambo matatu hayo yalikuwa yamekaa mbele yetu mchana kweupe, nasi tukasema kwanza tumchemshie uji apate nguvu za safari.

Hospitali, wa kwanza kumgusa alikuwa muuguzi. Hakukishika kidole kibovu. Aliushika mkono wa pili, ule mzima, akaminya ncha ya kidole cha kati mpaka ikawa nyeupe, akaachia, akatazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza, alikuwa anahesabu. Rangi haikurudi. Ilipoanza kurudi ilikuja polepole, ya kijivu kuliko nyekundu, na yule dada alikuwa ameshageuka kumwita daktari kwa sauti ambayo sijaisahau.

Antibayotiki ya mshipani aliipata ndani ya saa hiyo, na usaha wa kidole ukapasuliwa ukatoka. Jumatano jioni daktari alituita kando. Dawa inafanya kazi, alisema, homa imeshuka, lakini figo zimesimama na mapafu yanaelekea huko huko. Nikamuuliza, "Dokta, kama vijidudu vinakufa, sasa nani anamuua shangazi?" Akanijibu, "Mwili wake mwenyewe." Usiku wa Alhamisi akafariki.

Jibu lile lilinikaa kooni kwa muda mrefu. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa kazi. Kilichonielewesha hakikutoka Tanga. Kilitokea London, tena kwa watu ambao hawakuwa na kidonda wala homa.

Asubuhi ya tarehe 13 Machi 2006, ndani ya hospitali ya Northwick Park, vijana wanane wenye afya zao walijitolea kujaribiwa dawa mpya iliyopewa jina TGN1412. Kampuni ya Kijerumani iliyoitengeneza ilikuwa inatafuta tiba ya aina moja ya saratani ya damu na ya baridi yabisi. Kazi ya dawa ilikuwa kuamsha chembe T, ambazo ni sehemu ya jeshi la kinga ya mwili. Wawili walipewa maji matupu bila kujua, sita wakapewa dawa. Kipimo kilikuwa kidogo mno, mara 500 chini ya kile ambacho kima walikistahimili bila tatizo. Walichomwa kwa zamu, kila baada ya dakika kama kumi, bila kungoja kuona wa kwanza ameipokeaje.

Haikufika saa moja na nusu. Kichwa, mgongo, kutapika, kisha kutetemeka kwa baridi, kutetemeka kule kule nilikokuona chini ya kanga nne. Presha zao zikaporomoka. Kabla hakujapambazuka, wote sita walikuwa mahututi: mapafu yakiingia maji, figo zikigoma, damu ikiganda ovyo mahali isipotakiwa kuganda. Walisafishwa damu kwa mashine, wakapewa dawa za kutuliza kinga kwa wingi. Wawili kati yao hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja alihitaji kusaidiwa na mashine siku 8, mwingine siku 16. Wote sita walipona, na hilo ni la kumshukuru Mungu na madaktari wale. Lakini mmoja alipoteza vidole vya miguu, na baadhi ya vidole vyake vya mikono vilikatika ncha.

Katika miili ile hapakuwa na bakteria aliyeanzisha lolote. Hapakuwa na mwiba wala usaha. Kulikuwa na ukunga uliopigwa, basi.

Nasema ukunga kwa sababu sijapata neno la karibu zaidi. Mwiba ukiingia kidoleni na bakteria wakapita, chembe za ulinzi zilizo pale pale huwatambua na kutoa kemikali ziitwazo saitokini. Hizo ndizo ukunga. Vishipa vya jirani vikisikia, hutanuka ili damu ije kwa wingi, na kuta zake hulegea ili askari na maji ya damu wapenye kwenda kwenye nyama. Kidole kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinavimba, kinauma. Madaktari huita hali hiyo mchochota, na bila mchochota tungekuwa tunakufa kwa kila mkwaruzo. Ukunga wa nyumba moja ukiitikiwa na majirani wa mtaa, mwizi hukamatwa.

Shida ni pale ukunga unaposikika mji mzima kwa wakati mmoja, usiku, na kila mwenye rungu akatoka. Kile kinachokiponya kidole, kikifanyika kwenye kila kishipa kuanzia utosini hadi unyayoni, ni maafa. Vishipa vyote vikitanuka, presha haina pa kushikilia. Kuta zote zikivuja, maji ya damu yanahamia kwenye nyama na kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na mtu anazama akiwa kitandani. Damu inaganda ndani ya vishipa vyembamba kama unywele, na ikishamaliza vifaa vyake vya kugandia humo, inashindwa kuganda panapohitajika. Ndiyo maana mgonjwa huyo huyo huanza kuvuja damu kwenye fizi na alipochomwa sindano. Na ndani kabisa, kwenye chembe za figo na za ini, mitokondria zinazochoma chakula kwa oksijeni ili kupata nguvu hulegea kazi. Oksijeni inaweza kufika mlangoni na isipate wa kuipokea.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikilifikiri natulia. Wataalamu wakichunguza kwa hadubini figo za watu waliokufa kwa hali hii, ambayo ikiletwa na maambukizi huitwa sepsisi, mara nyingi hukuta chembe zilizokufa ni chache kuliko walivyotarajia. Figo imeacha kazi, lakini haijaoza. Wapo wanaoamini kwamba inajizima yenyewe ili isiungue, kama mtu anavyozima redio na taa umeme unapochezacheza. Kwa wanaopona, figo nyingi huamka tena, wiki au miezi baadaye. Ina maana mgonjwa huyu hahitaji muujiza. Anahitaji muda, na muda wake unaanza kuhesabiwa nyumbani, kabla hajaona hospitali.

Na vidole? Damu inapokuwa haitoshi, mwili huchagua. Hupeleka kwa moyo na ubongo kwanza, na hubana vishipa vya mbali. Ngozi na ncha za vidole ndiyo mwisho wa njia. Huko ndiko ukame hufika mapema na kuondoka mwisho. Kijana wa London alilipa kwa ncha hizo. Kwa shangazi, muuguzi alizisoma: alichokuwa anakihesabu pale ukuchani ni hali ya figo asizoweza kuziona. Mwaka 2019 madaktari wa Amerika Kusini walichapisha utafiti ambamo waliongoza tiba ya kundi moja la wagonjwa wa namna hii kwa kuminya ncha ya kidole na kuhesabu sekunde, na ya kundi jingine kwa kupima asidi ya lakteti kwenye damu. Kuminya kidole hakukushindwa na maabara.

Uchunguzi uliofuata mkasa ule wa London, kwa ufupi, ulionyesha kwamba kima hawakuweza kuonya: chembe zao za T zilizokwisha kupigana vita huko nyuma hazina kile kishikio ambacho dawa ile ilikishika kwa binadamu. Siku hizi mtu wa kwanza hupewa dawa ya namna ile peke yake, na wengine hungoja.

Limebaki la dripu ya shangazi, nalo ni gumu kwangu kulisema. Jumatano ile nilimgombeza daktari. Niliona chupa ya maji imefungwa, nikaona shangazi midomo imekauka, nikasema kwa sauti ya wodi nzima kwamba wanamwacha afe kwa kiu. Sikujua kwamba, si mbali na pale, watu walikuwa wameshaliuliza swali hilo kwa uaminifu kuliko mimi.

Muheza, mwendo mfupi wa gari kutoka Tanga mjini, ilikuwa mojawapo ya hospitali sita zilizofanya utafiti wa FEAST, pamoja na Kilifi huko Kenya na hospitali nne za Uganda. Aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Walichukua watoto 3,141 wenye homa kali ambao damu haikuwa inafika vizuri mwilini, na mojawapo ya alama walizozitafuta ilikuwa ukucha unaochelewa kurudisha rangi kwa sekunde tatu au zaidi. Wenye kuharisha hawakuhusishwa, kwa sababu mtoto anayeharisha maji yake yamemwagika na lazima yarudishwe. Wengine walipewa maji mengi ya haraka mshipani, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyokuwa vinafundisha. Wengine walipewa taratibu tu. Matokeo yalitoka 2011. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliojazwa maji haraka walikufa kati ya 10 na 11. Waliopewa taratibu walikufa 7. Watafiti walidhani maji yameua kwa kujaza mapafu na ubongo, lakini walipovichambua vifo wakakuta vingi vya ziada vilikuwa vya moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Miaka sita baadaye utafiti wa Lusaka, Zambia, uliwaangalia watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, ukakuta jambo lile lile: waliozidishiwa maji walikufa zaidi.

Kwa hiyo daktari niliyemgombeza alikuwa ameanza na maji, akasikiliza mapafu, akafunga chupa. Sikuwahi kurudi kumwomba radhi.

Makadirio yaliyochapishwa 2020 yalisema sepsisi iliwapata watu karibu milioni 49 duniani mwaka 2017 na kuua milioni 11, karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano, na karibu nusu ya waliougua walikuwa watoto. Wengi wao ni wa nchi kama zetu. Kwetu jina hilo halimo vinywani. Tunasema malaria imepanda kichwani, tunasema sumu imeingia kwenye damu, tunasema amerogwa. Shangazi naye msibani alisemewa yote matatu, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Binti yake ndiye aliyebadilika. Sasa ana mtoto wa miaka minne. Mwezi uliopita nilikuwa kwao jioni mtoto alipopata homa, mwili unachoma, macho mazito. Mama mtu hakuniuliza kitu. Alimuuliza mtoto jina la paka wao, mtoto akajibu. Akanyanyua shati akatazama kifua kinavyopanda na kushuka, akauliza mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini. Kisha akakaa chini, akakishika kile kidole kidogo cha kati, akaminya, nami nikajikuta nahesabu naye. Kabla hatujasema mbili, wekundu ulikuwa umerudi. Aliushika mkono ule kitambo, akaubusu. Halafu akafunga mlango, akaita bajaji, tukaenda hospitali usiku ule ule.